Vipande Vinane vya Dirisha

Kwa miaka kumi na moja Joséphine Ninahazwe alitengeneza kalamu za mbao bila kutoboa tundu hata moja. Kutoboa ilikuwa kazi ya mumewe, Zénon. Joséphine alikereza, akapiga msasa, akapaka nta, akaunganisha ncha na kifuniko, na Jumapili akazipanga sokoni juu ya kitambaa cheusi. Walikuwa wamekodi garaji nyuma ya nyumba moja ya zamani pale Glenwood, Durban, karibu na chuo, na wateja wao wakubwa walikuwa wazazi waliotafuta zawadi ya mahafali: kalamu ya mti, jina la mtoto limechomwa ubavuni.

Zénon alikuwa seremala tangu Burundi, fundi wa vitanda na makabati. Alipofika Durban alianza kwa kulinda magari ya watu kwenye maegesho, kizibao cha kijani mwilini, mwaka mzima. Mzee mmoja aliyekuwa akimlindia gari alipohamia kwa watoto wake alimwachia mashine kuukuu ya kukereza mbao na drili ya kusimama, kwa vile hakuona mwingine wa kumpa. Kutokana na mashine hizo mbili wakalipa pango, wakamsomesha binti yao Lyse mpaka akapata kazi yake ya saluni kule Isipingo.

Kisha mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi moja, Zénon aliinama kufunga kiatu asiinuke. Kiharusi. Alilala hospitali wiki tatu. Alirudi nyumbani mkono wa kulia ukining'inia na ulimi umefungwa. Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza, hata Kizulu alichokiokota maegeshoni, vyote alivielewa, lakini kila alipotaka kusema yalitoka maneno matatu tu ya Kirundi: *ego*, yaani ndiyo, *oya*, yaani hapana, na *buhoro*, polepole. Daktari alisema mengine huenda yakarudi. Hakusema lini.

Basi Joséphine akashika drili.

Kwa asiyejua, kalamu ya mbao huanza na kipande cha mti cha mraba, kifupi kama kidole cha kati. Kipande hicho hutobolewa tundu la milimita saba kutoka kichwani hadi mkiani. Ndani ya tundu hutiwa gundi na kibomba cha shaba. Ndipo mti hukerezwa kwa nje, ukizunguka juu ya hicho kibomba, mpaka unakuwa mwembamba na laini. Kila kitu hulifuata tundu. Likiwa katikati, mti hubaki sawasawa pande zote. Likipotoka, upande mmoja hubaki mnene na wa pili hukonda, na patasi ikifika pale palipokonda, mti hupasuka na shaba hutokeza. Kipande kikiwa kinene mtu anaweza kukosea kidogo na asijulikane. Kikiwa chembamba hakuna pa kujificha.

Drili yao ilikuwa imezeeka na ilitikisika kichwani. Zénon aliijua. Aliibana kwa goti, akaegemeza bega, na mkono wake ulijua lini ubonyeze na lini uachie. Joséphine hakuwa na goti hilo wala bega hilo. Mwezi wa tatu aliharibu vipande zaidi ya vilivyopona. Mwezi wa nne akaanza kupata sita katika kumi, halafu vinane. Mbao zilikuwa za bei rahisi, masalio ya kiwanda cha samani, na alipoharibu kipande alitupa akachukua kingine. Zénon alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa garaji akimtazama. Mara nyingine alisema oya, mara nyingine buhoro, na Joséphine, jasho likimtoka, alijifunza kutosikia. Mtu hawezi kutoboa na huku anageuka kila mara kuuliza, hapana nini?

Jumapili moja ya mwezi wa tano, pale sokoni, mwanamke mzee mwenye buibui na miwani mikubwa alisimama mbele ya meza yao. Alikuwa amewasikia Joséphine na Lyse wakizungumza. Aliuliza kwa Kiswahili kizito, kilichokaa muda mrefu bila kutumika:

“Nyinyi watu wa wapi?”

“Burundi, bibi.”

“Na Kiswahili mmekipata wapi?”

“Kiswahili iko cha wote, bibi,” Lyse akajibu, na yule mama akacheka.

Jina lake lilikuwa Kulthumu, wa Chatsworth, miaka sabini na mmoja. Watu wake ndio wale ambao Durban huwaita Wazanzibari, ambao kwanza waliishi Bluff, juu ya bandari, kabla serikali ya zamani haijawaondoa na kuwapeleka Chatsworth. Yeye alikuwa na miaka saba siku ile ya kuondolewa. Aliitazama kila kalamu, akaigeuza, akairudisha mahali pake pale pale. Mwishowe akauliza kama wanaweza kutengeneza kwa mti wa mteja mwenyewe. Joséphine akasema ndiyo kabla hajafikiri.

Jumanne yake bibi akaja garaji na kifurushi cha kanga. Ndani yake mlikuwa na ubao mmoja mweusi, mfupi kuliko mkono wa mtu, upana wa vidole vinne. Ulikuwa wa jani la dirisha la nyumba yao ya Bluff. Baba yake aliling'oa kwa mikono siku ya kuhama. Kule Chatsworth likawa rafu ya jikoni kwa miaka sitini na zaidi, na kila mwaka mchwa na unyevu vikala chao, mpaka kikabaki kipande hicho. Walizaliwa watoto tisa chini ya dirisha lile. Waliobaki hai ni wanne: dada mkubwa Mwanaesha, aliyekuwa kitandani na miaka themanini na nne, kaka wawili, na yeye Kulthumu, kitinda mimba. Alitaka kalamu nne. Wangekutana wote kwa Mwanaesha Jumamosi ya pili kuanzia siku hiyo, na madaktari hawakumpa dada yake muda wa kupanga mkutano mwingine.

Joséphine aliugeuza ubao ule. Nusu yake ilikuwa sega la mchwa. Sehemu nzima ilikuwa fupi, na baada ya kupiga randa kidogo ili kuondoa masizi ya jiko, unene wake ulibaki milimita kumi na tatu. Alihesabu kimoyomoyo. Kalamu moja huhitaji vipande viwili, cha juu na cha chini. Ubao ungetoa vipande vinane. Si tisa. Na tundu la milimita saba katika mti wa kumi na tatu huacha milimita tatu tu kila upande, ambazo nusu yake patasi itazila.

Alimwangalia Zénon. Zénon aliuangalia ubao, kisha akamwangalia yeye.

“Utaweza?” bibi akauliza.

“Nitajaribu, bibi.”

“Sikukuuliza kujaribu, mwanangu.”

Joséphine akasema ataweza. Wiki nzima alipika bila kuonja. Kanisani aliimba ubeti uliokwisha kuimbwa. Alifanya mazoezi kwa mbao nyingine alizozipunguza unene mpaka milimita kumi na tatu, akatoboa kumi, saba zikafaa. Akatoboa kumi nyingine, tisa zikafaa. Alijiambia tisa katika kumi ni nzuri. Halafu akakumbuka kwamba hana kumi, ana nane, na kwamba ile moja yaweza kuwa yoyote.

Jumatatu ya wiki iliyofuata alipasua ubao kwa msumeno mwembamba, akakata vipande vinane na kuvipa namba kwa penseli. Kila kimoja alikichora kichwani mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, na pale mistari ilipokatana akachoma alama kwa msumari. Akakibana kipande cha kwanza kwenye jiliwa, akakipima kwa pembemraba, akakifungua, akakibana tena. Akawasha drili.

Mti ule haukuwa kama zile mbao za mazoezi. Ulikuwa na mistari migumu na mistari laini kwa kupokezana, na keekee, ile ncha ya kutobolea, ilipogusa mstari mgumu ilitaka kuteleza kuelekea kwenye laini. Joséphine hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba mpini ulikuwa mgumu kuliko kawaida, na yeye akabonyeza zaidi. Kutoka mlangoni Zénon akasema oya. Akabonyeza. Zénon akasema oya tena, kwa sauti, akapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, mara mbili, mara tatu. Joséphine akafikiri anataka maji. Akamwambia bila kugeuka asubiri kidogo, karibu anamaliza.

Keekee ilitokeza ubavuni.

Haikutoka chini ilipotakiwa. Ilitoka pembeni, robo moja kabla ya mwisho, na kibanzi chembamba cha mti mweusi kikaanguka juu ya kiatu chake. Alizima mashine. Alikifungua kipande akakishika juu ya mwanga. Juu, tundu lilikuwa katikati kabisa, pale pale kwenye alama ya msumari. Chini lilikuwa limehama kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hata sasa hapendi kulisimulia. Alimgeukia mume wake akamwambia:

“Kwa nini hukusema? Unakaa hapo siku nzima, unaona, unajua, kwa nini husemi?”

Zénon alifungua mdomo. Ulitetemeka upande mmoja. Halafu akaufunga, akageuza uso kuelekea uani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama isipokuwa ukuta wa jirani na mapipa ya taka.

Joséphine alitoka. Alipanda barabara mpaka kwenye robot ya juu, akasimama pale taa za magari zikibadilika nyekundu, kijani, nyekundu, wanafunzi wakimpita na vitabu vyao. Alikuwa na aproni ya kazi na nywele zimejaa unga wa mbao. Alijisikia aibu ya namna mbili na hakujua ipi itangulie: ya bibi aliyemkabidhi dirisha la baba yake, au ya mumewe, ambaye yeye alimkemea kwa kunyamaza ilhali ndiye pekee aliyekuwa akipiga kelele. Maana sasa alielewa. Oya ile haikuwa ya maji. Zénon alikuwa amesikia sauti ya mashine ikibadilika kabla yeye hajaona lolote. Pengine siku zote hizo, kila oya na kila buhoro, alikuwa akimwambia kitu, na yeye akajifunza kutosikia.

Aliporudi alichuchumaa mbele ya kile kiti.

“Papa Lyse, unisamehe. Ulisema. Mimi ndiye sikusikia.”

Zénon akanyanyua mkono wa kushoto akamfuta unga wa mbao kwenye nyusi, na kwa mkono huo huo akaonyesha ndani ya garaji. Hakuionyesha drili. Alionyesha mashine ya kukereza.

Ilichukua saa nzima kuelewana. Joséphine alimsogezea kiti mpaka karibu na mashine, na Zénon akaonyesha hiki, akakataa kile, akapiga gurudumu kwa kidole. Mashine ile ina upande unaozunguka, wenye taya nne za chuma za kushika mti, na upande wa pili uliotulia, unaosogezwa kwa gurudumu la mkono. Joséphine alijua kukerezea tu. Sasa Zénon alikuwa akimwonyesha kwamba kipande kishikwe na zile taya, keekee ifungwe upande wa pili, na mti wenyewe ndio uzunguke huku keekee ikiwa imetulia. Mti ukizunguka, katikati yake hakuhami. Keekee ikitaka kwenda pembeni, mzunguko huirudisha. Kazi ni ya polepole sana, ndiyo sababu Zénon aliiacha tangu wateja walipoongezeka na goti lake lilipoizoea drili. Hakuwahi kumweleza mkewe. Hapakuwa na haja.

Kabla ya kujaribu, kulikuwa na simu ya kupiga. Lyse, aliposikia habari akiwa kazini, alimshauri mama yake anyamaze: kuna mbao nyeusi tele Durban, nani atajua? Joséphine alilifikiria shauri hilo, zaidi ya anavyopenda kukiri. Alishika simu akaiweka, akaishika akaiweka. Mwishowe akampigia Bibi Kulthumu akamweleza kama ilivyokuwa: kipande kimoja katika vinane kimeharibika, kosa ni lake, na kalamu ya nne hajui itatoka vipi.

Bibi akauliza:

“Vile vingine umevigusa?”

“Bado, bibi.”

“Usiviguse. Nakuja kesho.”

Joséphine alijua anakuja kuchukua mti wake. Aliufunga kwenye ile kanga, vipande saba vizima, kile kilichoharibika, na masalio yote yenye mchwa, hata unga akauzoa akautia kwenye bahasha.

Bibi aliwasili saa nne asubuhi, amepanda taxi mbili. Alikitaka kwanza kile kilichoharibika. Alitia kidole tunduni kikatokea ubavuni, akakiangalia kidole chake mwenyewe pale nje.

“Baba aling'oa madirisha mawili,” akasema. “Hili la pili. La kwanza lilipasuka mikononi mwake, akalitupa pale pale uwanjani, akakaa chini. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa chini mchana. Halafu akainuka akaanza na hili.”

Akauliza kiti kiko wapi. Joséphine akamletea ndoo iliyofunikwa, ndicho kilichokuwapo. Bibi akakaa kando ya Zénon, akaweka mkoba mapajani.

“Haya. Toboa nikiona.”

Hapo Joséphine alitamani afadhali bibi angeuchukua mti wake tu aende nao. Ufunguo wa taya ulimponyoka mara mbili. Alikifunga kipande cha pili, akakizungusha kwa mkono kuona kama kinayumba. Akaweka kwanza keekee fupi na nene, isiyopinda, ili ichimbe kijishimo tu cha kuiongoza ile ndefu. Akabadilisha. Akawasha mashine kwa mwendo mdogo. Alisogeza gurudumu robo mzunguko, akairudisha keekee nje, maranda membamba meusi yakamwagika, akaipuliza, akaiingiza tena. Robo mzunguko, nje. Robo mzunguko, nje. Zénon alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba, sikio limeelekea mashine.

“Buhoro,” akasema.

Joséphine akapunguza mwendo.

“Ego.”

Kipande cha pili kilipotoka alikipima kwa kipimo cha chuma. Milimita tatu upande huu. Tatu upande huu. Tatu kasoro kidogo. Tatu. Alikirudia kukipima kwa sababu hakuamini, kisha akampa bibi, naye bibi akakiinua akachungulia garaji nzima kupitia kwenye tundu lile.

Cha tatu kikaenda vizuri. Cha nne kilimtia hofu katikati, Zénon akasema oya, naye akazima mara moja. Ilikuwa maranda yamejaa ndani na keekee imepata moto. Akasafisha, wakasubiri ipoe. Bibi alitumia muda ule kumwuliza Zénon maswali kuhusu Burundi, yale yanayojibika kwa ndiyo na hapana, na Zénon akajibu yote, na Joséphine akagundua kwamba tangu mwezi wa pili hakuna mgeni aliyeketi kuzungumza na mume wake. Wote walizungumza na yeye, juu ya kichwa cha mume wake.

Cha tano, cha sita, cha saba. Kila kimoja kilichofaulu kilimwongezea woga, hakikumpunguzia, kwa kuwa alihisi bahati ni kitu kinachokwisha. Ilipofika saa saba mgongo ulikuwa unamuuma na hakutaka kula, aliogopa kuipoteza sauti ya mashine masikioni.

Cha nane ndicho kilichokuwa karibu na sehemu ya bawaba. Kwa nje kilikuwa safi. Kilianza kama wenzake, robo mzunguko, nje, robo mzunguko, nje. Karibu na mwisho sauti ikawa nyembamba kidogo, kama mbu. Joséphine hakuisikia vizuri.

“Oya.”

Mkono wake ulizima mashine kabla akili yake haijafika. Alirudisha keekee nje polepole. Ncha yake ilikuwa imekwaruzwa, na juu ya ule unga mweusi palikuwa na vumbi jekundu la kutu. Walimulika ndani kwa simu. Chini kabisa ya tundu, kitu kidogo kilimeta: ncha ya msumari iliyovunjikia ndani ya mti, pengine siku ile ile ya kung'oa, pengine kabla bibi hajazaliwa. Angesukuma mara moja zaidi, keekee ingeteleza juu ya chuma ikatoka ubavuni kama jana.

Vidole vya bibi vilikuwa vimeukamata mkoba kwa nguvu.

Joséphine alitia kijiti tunduni akapima kina. Akapima tena. Kibomba cha shaba kilihitaji milimita hamsini na tatu. Tundu lilikuwa limefika hamsini na nne.

“Inatosha,” akasema. “Bibi, inatosha. Tunakata hapa. Msumari unabaki upande wa pili.”

Alikata kwa msumeno wa mkono, polepole, unywele mmoja mbele ya chuma. Kile kijipande chenye msumari kilianguka mezani, kidogo kama punje ya mahindi. Bibi Kulthumu alikichukua, akakifunga kwenye pembe ya leso, akakitia ndani ya mkoba bila kuomba ruhusa. Ndipo Joséphine akakaa sakafuni, kwenye maranda.

Kilibaki kile cha kwanza. Zénon alikuwa amekigeuza geuza mkononi mchana wote. Aliingiza kidole kwenye masalio, akateua kibanzi kimoja ambacho mchwa hakukifikia, akakiweka juu ya lile jeraha la ubavuni, mistari ya mti ikielekea njia moja. Joséphine akaelewa. Waliziba tundu lile lote kwa kijiti kilichokerezwa kutoka masalio yale yale, wakabandika kibanzi ubavuni kwa gundi, wakakibana, wakakiacha siku mbili. Alhamisi akakitoboa upya kwenye mashine ya kukereza, na safari hii tundu likapita katikati. Alipokikereza, patasi ilipofika pale pa kiraka alisimamisha pumzi. Hakikupasuka. Ulibaki mstari mmoja mwembamba, mweusi zaidi ya weusi wa mti, urefu wa nusu kidole.

Ijumaa bibi alikuja kuchukua kalamu zake. Zilikuwa nne kwenye kisanduku, mti mweusi umetoa mng'ao wa kahawia iliyoiva ambao hakuna aliyetarajia ungetokea chini ya yale masizi. Joséphine alitaka kumwonyesha ile yenye kiraka, ili asije akaigundua mwenyewe na kudhani amefichwa. Bibi akamzuia kwa mkono.

“Najua iko humo. Usinionyeshe ipi.”

“Lakini bibi, ina mstari. Ukitazama karibu utauona.”

“Basi sitatazama karibu. Kila mmoja atachukua inayomjia mkononi.”

Akafunga kisanduku. Zénon, aliyekuwa amesimama kwa fimbo, alimpa mkono wa kushoto, na bibi akaupokea kwa mikono yake miwili.

Joséphine hakujua kamwe nani aliichukua. Jumamosi nzima aliwaza kaka mmoja akiishika kwenye mwanga na kuuliza hii nini. Jumapili aliiangalia simu hata wakati wa kuuza. Jumatatu ujumbe ukaja, mfupi: walikutana, walikula, Mwanaesha alikaa kitandani ameegemea mito na kuandika jina la mtaa wao wa Bluff nyuma ya bahasha, kisha akalala. Hakukuwa na neno juu ya mstari.

Tangu hapo Joséphine hatumii tena ile drili ya kusimama. Ameiegemeza ukutani na juu yake anaanika matambara ya nta. Hutoboa kwenye mashine ya kukereza, robo mzunguko, nje, na kwa siku hupata vipande kumi pale ambapo Zénon alipata arobaini. Wateja wa mahafali wengine wamechoka kungoja wakaenda kwingine, na hilo linamsumbua, hasa mwisho wa mwezi. Zénon sasa huketi ndani, karibu na gurudumu. Wiki iliyopita, keekee ilipokwama, alisema neno ambalo halikuwa katika yale matatu. Lilikuwa la Kiswahili, nusu tu, na Joséphine hakulishika. Alizima mashine akamwomba arudie. Hakuweza. Akaiacha mashine imezimwa bado, akavuta ndoo, akakaa karibu naye, akangoja.